Moshi wa Gari Lisilo na Moshi

Kipara alikuwa na nywele tele kichwani. Jina hilo alipewa shuleni, alipopata mapunye akanyolewa zote, nalo likamganda hadi utu uzima. Alikuwa dereva wa gari la kukodi. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona mashuka na sare za wahudumu wa hospitali hapohapo sebuleni, kwa hiyo mgeni wa nyumba ile alitazama kiti vizuri kabla ya kukaa, asije akakalia sindano.

Asubuhi zao zilifanana. Fundi cherehani aliwasha pasi. Binti yao alitafuta kiatu kimoja cha shule. Kipara alitoka nje na kitambaa cheupe, akainama nyuma ya gari, akakiingiza kitambaa ndani ya bomba, akakisokota, kisha akakitoa na kukipeperusha ili mtaa mzima uone.

"Mmeona? Kuna hata alama?"

"Tuliona jana," mkewe alimjibu dirishani. "Na juzi."

"Tone la maji tu! Halina moshi, halina harufu, halina kelele. Linakunywa haidrojeni, linatoa maji."

"Na chai yako inapoa. Ingia unywe."

Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko gesi zote. Haina rangi wala harufu. Ndani ya gari la Kipara kulikuwa na mtungi mgumu wa gesi hiyo, na kifaa kinachoikutanisha na hewa. Zikikutana humo, umeme hutoka na kuzungusha magurudumu. Kinachobaki ni maji. Hayo yote ni kweli, na Kipara alikuwa ameyakariri kama mtoto anavyokariri shairi.

Lakini hakununua gari lile kwa maringo. Alilinunua kwa ajili ya mama yake, ambaye binti yao humwita Bibi, nasi tumwite hivyohivyo. Kifua cha Bibi kilikuwa kibovu. Alipokuwa akipanda gari la zamani la dizeli, alikohoa hadi machozi yakamtoka. Siku moja Kipara alisimamisha gari kando ya barabara, akamwangalia mama yake akihangaika kuvuta pumzi, akaapa. "Mama yangu hatakufa kwa moshi wangu." Akauza lile, akatafuta hili.

Hakuishia hapo. Bwana huyu Mungu amempa mdomo. Aliwashika madereva wa chama chao mmoja mmoja, akawapigia domo, akawaonyesha kitambaa cheupe. Haukupita muda, chama kizima kikahamia magari ya haidrojeni. Kituo chao cha kujazia, ambacho zamani kilikuwa kimepoa, sasa kilikuwa na foleni kutwa.

Magari yakaongezeka. Na kifua cha Bibi, badala ya kupata nafuu, kikazidi kubana.

*

Bibi aliishi peke yake upande wa pili wa mji, chumba na sebule, nyuma ya ukuta mrefu wa kiwanda. Jumapili moja mchana Kipara na mkewe walikwenda kumwona.

Mtaa ule ulikuwa kimya kuliko unavyotakiwa kuwa mtaa wenye watu. Jua lilikuwa kali, lakini madirisha yalifungwa. Hakuna aliyeanika nguo nje. Miti ilikuwa na majani, ila majani hayakuwa ya kijani. Mwanamke mmoja aliyekaa mlangoni aliwaitikia salamu bila kufumbua midomo, kama mtu anayebania kitu kinywani. Juu ya ukuta wa kiwanda zilionekana dohani mbili, yaani mabomba makubwa ya moshi. Zote mbili zilikuwa zinafuka.

Gari lilifika bila mlio wowote. Lilipozimwa, kilichosikika ni matone tu yakidondoka nyuma yake, tii, tii, kwenye vumbi.

Bibi alitokea mlangoni. Alipoliona gari alirudi nyuma.

"Shikamoo, Mama," alisema Kipara. "Jitayarishe, tukupeleke ukapunge upepo."

"Marahaba. Kwa hilo?" Bibi alishika fremu ya mlango. Maneno yake yalitoka vipande vipande, kwa sababu pumzi haikumtosha. "Hilo gari... nalijua."

"Si ndilo nililokuja nalo wiki iliyopita?"

"Sisemi hivyo. Wewe unaondoka nalo... lakini lenyewe linabaki. Linakaa hapa."

"Linakaa hapa wapi?"

Bibi akageuka, akanyoosha kidole kwenye chumba cha kulala.

Kipara akamtupia mkewe jicho. Jicho lile lilisema: uzee huo umeanza.  Fundi cherehani alikuwa amemletea mkwewe shuka jipya, akaingia chumbani kutandua la zamani, ambalo pia alilishona yeye kwa kitambaa cheupe cha hospitali.

Akakwama mlangoni.

Kitandani palikuwa na mtu mweupe amelala. Kichwa kilikuwa kwenye mto. Bega lilijikunja kidogo. Nyonga ilionekana, na magoti yaliyokunjwa. Mkono mmoja ulinyooshwa ukingoni mwa kitanda, vidole vimetawanyika. Lakini hapakuwa na mtu. Lilikuwa ni umbo tu, jeupe, na pembeni yake shuka lote lilikuwa la kijivu.

Nakwambia kweli, mimi ningetoka mbio na nisingerudi kuchukua viatu.

Fundi cherehani hakukimbia. Alisogea, akagusa sehemu ya kijivu. Kidole kikatoka cheusi.

"Baba watoto," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Wakasimama wote watatu pembeni ya kitanda.

"Nalala hivyo kila mchana," alisema Bibi. "Upande huohuo. Dirisha wazi, maana likifungwa... napaliwa. Nikiamka... namkuta huyo. Mwanzoni nilifikiri ni mimi... nimeshaondoka."

 Kipara akatazama dirishani. "Ni jiko la jirani."

"Jirani anapikia umeme," alisema Bibi.

"Basi ni vumbi la barabara."

Mkewe alikuwa anasugua vidole vyake. "Vumbi linapukutika. Hili linateleza, linashika kwenye ngozi. Ni masizi."

"Masizi yatoke wapi? Gari langu halina moshi!"

"Nani amelitaja gari lako?"

 Kweli hakuna aliyelitaja, ukimwacha Bibi.

Fundi cherehani akamgeukia mkwewe. "Mama, hali ilianza kuwa mbaya lini?"

"Ilipoamka dohani ya pili. Miaka yote ilikuwa moja... ya pili imelala. Ikaamka mwanangu alipoanza kuja na hilo gari. Kila wenzake wanavyoongezeka... nayo inazidi."

"Imesadifu tu, Mama!" Kipara alisema kwa ukali, halafu akaona haya. Alitandua shuka mwenyewe, akalikunja akiwa amegeuza uso, akalitia kwapani, akasema wanampeleka hospitali na hakuna mjadala.

*

Bibi alipanda gari akiwa amejifunika pua kwa mtandio. Walipokuwa wamekwenda kitambo, aliuliza, "Limezimika?"

"Hapana, Mama. Tunakwenda."

"Mbona halipumui?"



Gesi ilikuwa imekaribia kwisha, ikabidi wapitie kituoni kwanza. Foleni ilikuwa fupi siku hiyo. Nyuma ya kituo palikuwa na ua wenye mitungi mikubwa na mabomba, umezungushiwa wavu wa chuma. Ndani ya ua alikuwemo mhandisi wa kituo, mwanamke mnene mwenye miwani, anatembea polepole na fagio la majani makavu. Hakuwa anafagia. Alilishika kwa mpini mrefu, akalinyoosha mbele yake juu juu, kama anayemtisha paka asiyeonekana. Madereva walimwita Mama Fagio. Walimcheka, lakini kwa mbali.

"Yule anafukuza nini?" aliuliza Bibi.

"Anakagua, Mama. Ndiyo kazi yake, sijui anakagua hewa."

Wakati huo king'ora kidogo kikalia kwenye nguzo, pii, pii, pii. Mama Fagio akainua mkono bila kugeuka.

"Zimeni magari! Shukeni, nendeni nje ya geti! Msikimbie, tembeeni. Asiwashe kitu mtu yeyote!"

Watu wakashuka. Kipara akamshika mama yake mkono, wakatoka nje ya geti na kusimama na wengine. Wakatazama kupitia wavu.

Ua ulikuwa mtupu. Mabomba yalikuwa vilevile, jua lilikuwa vilevile. Hapakuwa na moshi, harufu wala mwanga. Ilisikika sauti moja nyembamba tu, kama ya mtu anayenong'ona herufi moja bila kukoma. Mama Fagio alikwenda hatua kwa hatua, fagio mbele. Akalisogeza kulia. Akalirudisha kushoto.

Ghafla ncha ya fagio ikawaka hewani.

Haikugusa kitu. Iliwaka yenyewe, pwaa, katikati ya hewa tupu, na majani yakageuka makaa mbele ya macho yao. Mwanamke mmoja kwenye foleni alipiga yowe. Mama Fagio alirudi nyuma, akalichovya fagio kwenye ndoo ya mchanga, akauendea mtambo wa upande mwingine na kufunga koki. Mnong'ono ukakatika. King'ora kikanyamaza.

Alipotoka getini jasho lilikuwa linamtiririka, lakini sauti yake ilikuwa tulivu.

"Kuna kiungo kimelegea, gesi ikavuja ikashika moto. Nimeshafunga. Leo kituo hakijazi tena."

"Moto gani, dada?" Kipara alikuwa bado ameduwaa. "Mimi sijaona moto."

"Hukuuona kwa kuwa haidrojeni ikiwaka mchana, moto wake hauonekani. Ungeingia pale, ungeungua mkono ukiwa bado unajiuliza kuna nini. Vifaa vya kuuona tunavyo, lakini mwalimu wangu alinifundisha kutembea na fagio hata hivyo, maana fagio haliishiwi chaji." Akawageukia wote. "Nanyi msije mkahangaika na mafagio. Mkisikia king'ora, mkisikia gesi inapuliza, ondokeni mbali na mtuite sisi."

Bibi alikuwa anamtazama bila kupepesa.

"Mwanangu," alisema, "moto upo... ila hauonekani."

"Ndiyo, Mama."

"Na moshi wake je? Uko wapi?"

Madereva wawili watatu wakacheka. Kipara akaanza, "Mama, haya magari hayana—"

Mama Fagio hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Unaishi wapi, Mama?"

"Nyuma ya ukuta wa kiwanda. Kile chenye dohani mbili."

Mhandisi aliirudisha miwani usoni taratibu, na wale waliocheka wakaacha.

"Basi moshi wake unao wewe," alisema.

*

Walikaa kwenye benchi la kituo, chini ya kibanda cha bati. Mama Fagio alimletea Bibi maji. Kipara hakutaka kukaa.

"Nieleze, dada. Nieleze taratibu, maana sielewi."

"Haidrojeni haichotwi mahali ikiwa tayari. Lazima itolewe ndani ya kitu kingine. Ya kituo hiki inatoka kiwandani kule. Kule wanapika makaa ya mawe kwa mvuke na moto mkali mpaka gesi itoke. Kinachobaki kinapanda dohani. Masizi yanaanguka karibu, juu ya mapaa. Hewa ukaa inapanda juu na kuzidisha joto la dunia. Wewe huku unaona tone la maji."

"Lakini kitambaa changu kinatoka cheupe!"

"Kwa sababu unakichomeka mwisho wa safari. Hujawahi kukichomeka mwanzo wake."



"Dohani ya pili iliwashwa lini?" aliuliza mkewe.

"Foleni yetu ilipokua. Gesi haikutosha, wakawasha tanuri la pili." Mama Fagio alimtazama Kipara kwa huruma. "Nasikia kuna dereva mmoja aliwashawishi wenzake wote."

Hapo ndipo Kipara alipokaa. Alikaa chini, sakafuni, wala si kwenye benchi. 

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa namponya, kumbe namchoma. Mama, nimekuwa nikikuletea moshi mimi mwenyewe."

"Inuka," alisema Bibi. "Unachafua suruali."

"Kwa hiyo gari hili ni uongo mtupu?" aliuliza mkewe.

"Si uongo. Ni nusu ya habari," alisema Mama Fagio. "Haidrojeni inaweza pia kutolewa ndani ya maji. Unapitisha umeme, maji yanapasuka, gesi inatoka. Umeme huo ukiwa wa jua au upepo, moshi unapungua sana toka mwanzo hadi mwisho. Umeme ukiwa wa makaa ya mawe, umezunguka tu na kurudi palepale, tena pabaya zaidi, kwa sababu umeme mwingi hupotea njiani. Wengine wanaipata kwenye gesi ya ardhini. Hiyo haina masizi mengi, lakini hewa ukaa ipo."

"Na ile ya jua haina dosari?"

"Dada yangu, kila kitu kina dosari. Inataka maji mengi, na mahali penye kiu hilo si dogo. Umeme huohuo ukiuweka moja kwa moja kwenye gari la betri, ungekupeleka mbali zaidi. Halafu kuna gari lenyewe. Ule mtungi mgumu ulitengenezwa kwa moto mwingi. Ndani ya kile kifaa mna platini, madini adimu, na kuna mlima uliochimbwa ili yapatikane. Kwa hiyo ukishakuwa nalo, litunze lidumu. Usilizungushe tupu. Likifa, usiliache lioze uani. Lirudishe kwa wanaojua kuyatoa madini yale yatumike tena."

Kipara alisimama, akajipangusa. "Sawa. Mama, leo unahamia kwetu. Chumba kile ndiyo basi."

"Na kitanda changu?"

"Tutakiacha. Tutanunua kingine."

"Sisemi mbao." Bibi alishusha pumzi, akakusanya nyingine. "Nikitoka leo, mwenye nyumba anapangisha kesho. Atalala mwingine... upande uleule wa dirisha. Na shuka litamchora yeye. Utamhamishia wapi huyo?"

 Kipara alipata picha ya umbo lile jeupe kitandani, ila safari hii lilikuwa fupi, na magoti yalikuwa ya mtoto. 

*

Bibi alikubali kukaa kwa mwanawe hadi kifua kitulie, na si zaidi. Gesi iliyobaki iliwafikisha hospitali, na daktari akasema yaleyale yaliyosemwa na shuka: ni masizi.

Kipara akaitisha kikao cha madereva. Safari hii hakubeba kitambaa cheupe. Alilitandaza shuka la kijivu mezani, lote, akawaacha walitazame. Waliokuwa wanataniana waliacha utani. Dereva mmoja alipitisha kiganja juu ya lile umbo bila kuligusa, kisha akakifuta kiganja kwenye suruali ingawa hakikuwa na kitu.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Mama yangu. Na moshi ni wetu."

Mama Fagio aliwaeleza kama alivyoeleza kituoni. Ubishi ulikuwepo, tena mkali. Nje kabisa ya mji kulikuwa na kituo kingine, chenye mitambo ya jua na ya upepo, kinachotoa gesi kwenye maji ya mvua yaliyokingwa bwawani. Lakini kilikuwa mbali, na siku nyingine gesi iliisha mapema.

"Tukikosa gesi tutakula upepo?" mmoja alilalamika.

"Tutabeba abiria wa njia moja pamoja," alisema Kipara. "Tutaacha kuzunguka na magari matupu kama vishada. Gesi hiyohiyo itatosha."

Wengine waliondoka wakinung'unika. Wengi walikubali. Wakashika desturi mpya: kabla ya kujaza, dereva humuuliza mhudumu kwa sauti, "Hii imetoka wapi?" Asiyeweza kujibu alikosa wateja.

Kituo cha zamani kikapoa tena. Mwenye kituo alihangaika, mwishowe akaanza kuagiza gesi ya jua na upepo. Wakazi wa nyuma ya ukuta, wakiongozwa na fundi cherehani, wakiwa na bunda la mashuka yao ya kijivu, walikwenda kwa maofisa wa mazingira wa mji. Maofisa walikuja na mashine zao, wakapima hewa, wakakiandikia kiwanda. Kwa kuwa wanunuzi walikuwa wamepungua, kiwanda hakikubisha sana. Tanuri la pili likazimwa.

La kwanza bado linawaka. Sitakudanganya. Kuna miji mingine inayonunua gesi ile, na kuna watu kule wanaosokota vitambaa vyeupe kwenye mabomba ya magari yao na kufurahi. Hawajui moshi wao unalala kwenye shuka la nani.

Bibi alirudi kwake. Wiki kadhaa baadaye Kipara alikwenda kumwona. Alipita kwanza dukani, mwanzo wa mtaa, akamnunulia matunda. Kutoka dukani hadi kwa Bibi mtu anafika kwa miguu kabla wimbo haujaisha redioni. Yeye akapanda gari, akawasha, akajikokota nalo peke yake.

"Weweee!"

Sauti ilitoka mwisho wa mtaa. Kipara alikanyaga breki.

"Wewe Kipara! Umevunjika miguu? Kutoka dukani mpaka hapa unakuja na gari tupu? Nani amekuambia gesi ya jua inaokotwa? Shuka! Shuka utembee, nasema!"

Watu walitoka milangoni kuona nani anagombezwa. Kipara alishuka, mfuko wa matunda mkononi, macho yamejaa maji. Alisimama palepale katikati ya njia, wala hakusogea. Mama yake alikuwa amesema maneno yote yale kwa pumzi moja, bila kukatika hata mara moja, naye Kipara alitaka kumsikia mpaka mwisho.